John Curwen: Mchungaji Asiyejua Nota Aliyetuachia Solfa

Utangulizi



Anayepita karibu na kanisa la Kibaha au la Kisarawe Jumamosi jioni anajua atakachosikia. Sopano wataanza peke yao, watarudia mara tatu mstari mmoja, kisha wataitwa alto, kisha teno, na mwisho besi, ambao mara nyingi huwa wamechelewa kutoka shambani au kazini. Mwalimu wa kwaya atakuwa anagonga meza kwa kalamu ili wasipoteze mapigo. Umeme ukikatika kinanda kitanyamaza, lakini mazoezi yataendelea, kwa sababu wimbo wenyewe umeandikwa kwenye karatasi kwa herufi saba ambazo hazihitaji umeme: d, r, m, f, s, l, t.

Herufi hizi tumezizoea kiasi kwamba hatuulizi zilitoka wapi. Katika makala hii tunasimulia maisha ya mtu aliyezipa sura tunayoitumia leo na kuzieneza duniani. Jina lake ni John Curwen, Mwingereza wa karne ya 19. Hakuwa Mkatoliki, hakuwa mtunzi mashuhuri wa nyimbo, na alipoanza kazi hii hakuwa na uwezo wa kusoma nota wala sikio zuri la muziki. Alikuwa mchungaji kijana aliyeona waamini wake hawaimbi, akataka waimbe.

Huenda msomaji akashangaa kwa nini gazeti la seminari ya Kikatoliki lisimulie maisha ya mchungaji wa Kiprotestanti. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1964 kuhusu umoja wa Wakristo, uliwaalika Wakatoliki kuyatambua kwa furaha mema ya kweli ya Kikristo yanayopatikana kwa ndugu zetu waliotengana nasi. Solfa ni mojawapo ya mema hayo, nasi tunaitumia kila Dominika. Tena mzizi wake, kama tutakavyoona, uko katika monasteri ya Kikatoliki.

Mzizi: mmonaki Guido

Miaka elfu moja hivi iliyopita, huko Italia, aliishi mmonaki Mbenediktini aitwaye Guido. Wakati ule nyimbo za Kanisa zilifundishwa kwa kusikia na kukariri tu, na kijana aliyelelewa kwaya alihitaji miaka mingi kuzijua zote. Guido aliona kwamba wanafunzi wanachoka na wakati wa masomo mengine unapotea. Akachukua utenzi wa Kilatini wa kumheshimu Mtakatifu Yohane Mbatizaji, ambao kila mstari wake ulianza kwa sauti moja juu ya mstari uliotangulia. Kutokana na silabi za mwanzo za mistari hiyo akapata majina ya sauti: ut, re, mi, fa, sol, la. Baadaye ut iligeuzwa kuwa do, na sauti ya saba ikaongezwa.

Guido hakupokelewa vizuri na wenzake katika monasteri ya Pomposa. Aliondoka, akakaribishwa na askofu wa Arezzo, na hatimaye Papa Yohane XIX akamwita Roma ajionee mwenyewe njia hiyo. Sisi wa Pwani tuna sababu ya ziada ya kumkumbuka. Wabenediktini, watu wa shirika lake, ndio waliofungua misheni Pugu mwaka 1888, mlangoni kabisa mwa Kisarawe, na Januari 1889 misheni hiyo ikashambuliwa na baadhi ya wamisionari wakauawa.

Kuzaliwa na malezi

John Curwen alizaliwa tarehe 14 Novemba 1816 katika mji wa Heckmondwike, Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Baba yake, Spedding Curwen, alikuwa mchungaji wa Wakongregesheni, yaani Waprotestanti ambao kila usharika wao hujiongoza wenyewe bila askofu. Kijana huyo alifuata nyayo za baba yake. Alisoma katika chuo cha Wymondley na baadaye University College ya London, na mwaka 1838 akawa mchungaji msaidizi katika mji wa Basingstoke.

Huko Basingstoke alipenda sana kazi ya shule ya Jumapili, sawa na mafundisho ya watoto tunayoyajua parokiani. Aliandika hata hadithi ya watoto, The History of Nelly Vanner, iliyosomwa na wengi. Alikuwa na kipaji cha kufundisha. Alifuata mawazo ya mwalimu Pestalozzi wa Uswisi, kwamba mtoto akutane kwanza na kitu chenyewe, ndipo apewe jina lake na alama yake.

Lakini kulikuwa na jambo moja lililomshinda. Watoto walipaswa kuimba, naye hakuweza kuwafundisha. Kushika sauti ilikuwa taabu kwake, na ile mistari mitano ya nota ilikuwa fumbo. Alijaribu kujifunza kwa vitabu vya wakati ule, akakata tamaa. Tunaweza kumwelewa. Wangapi kati yetu wameingia seminari wakiwa na moyo wa kuimba, wakaoneshwa karatasi ya nota na kuamua kimyakimya kwamba muziki ni wa watu wengine?

Agizo la Hull

Mwaka 1841 walimu wa shule za Jumapili walikutana katika mji wa Hull. Walizungumzia tatizo lililoyasumbua makanisa yao mengi: uimbaji ulikuwa dhaifu, wachache waliimba na wengi walisikiliza. Mkutano ukampa Curwen, kijana wa miaka 24, jukumu la kutafuta njia iliyo rahisi kuliko zote ya kufundisha kuimba katika shule na katika makusanyiko ya ibada.

Walimpa kazi ya muziki mtu asiyejua muziki. Kwa akili ya kawaida lilikuwa kosa. Tukitazama nyuma, tunaona ndiyo sababu kazi ilifanikiwa. Mwanamuziki aliyezaliwa na sikio kali husahau upesi jinsi jambo lilivyo gumu kwa asiyejua. Curwen hakuweza kusahau, kwa maana mwanafunzi mzito kuliko wote darasani alikuwa yeye mwenyewe. Kila njia aliyoletewa aliipima kwa swali moja: je, mimi naweza kujifunza kwa njia hii?

Bi Sarah Glover wa Norwich

Njia aliyoitafuta ilikuwa tayari imepatikana. Katika mji wa Norwich aliishi Bi Sarah Glover, aliyezaliwa mwaka 1786, binti wa padre wa Kianglikana. Kwa miaka mingi alikuwa amewafundisha watoto kuimba kwa kutumia herufi badala ya mistari mitano. Alichukua majina ya zamani ya Guido, akayafanya yasomeke kwa urahisi katika Kiingereza, na sauti ya saba, iliyokuwa ikiitwa si, akaiita te. Sababu ni nyepesi na ya busara: sol na si zote huanza kwa herufi s. Kwa kubadili jina moja, kila sauti ikapata herufi yake. Ndiyo maana hadi leo, katika karatasi zetu, sauti iliyo chini tu ya do ya juu ni t.

Mwaka 1835 Bi Glover alichapisha kitabu kidogo kuhusu njia yake, na lengo lake lilitajwa wazi: uimbaji wa zaburi uwe wa kusanyiko zima. Kitabu hicho kilimfikia Curwen. Alikaa nacho, akajifundisha mwenyewe, na katika muda wa wiki mbili hivi akajikuta anaweza kusoma wimbo wa zaburi ambao hakuwahi kuusikia. Mlango uliokuwa umefungwa kwa miaka ukawa wazi.

Hapa tunapaswa kusema ukweli, kwa sababu maisha ya watu wema yasiyo na doa hayatufundishi kitu. Curwen aliibadili njia ya Bi Glover kwa kadiri alivyoona inafaa, akaanza kuitangaza kabla ya kupata ridhaa yake. Bi Glover, aliyekuwa amemzidi Curwen miaka 30, hakufurahia mabadiliko hayo, akaendelea kuishikilia njia yake kama alivyoiunda. Curwen, kwa upande wake, aliendelea kumtaja hadharani kuwa ndiye chanzo cha kazi yote. Bi Glover alifariki mwaka 1867. Leo wengi humtaja Curwen peke yake, nasi tukifanya hivyo tunamdhulumu mwanamke aliyefanya kazi kwa miaka mingi bila kutafuta jina.

Jinsi herufi zinavyofanya kazi

Tukae kidogo hapa, kwa maana wanakwaya wengi hutumia solfa bila kujua hekima iliyomo.

Jambo la kwanza ni kwamba do haikai mahali pamoja. Wakati uleule wa Curwen, mwalimu mwingine aitwaye John Hullah alikuwa akifundisha umati London, akiungwa mkono na serikali, kwa njia ambayo do ilikuwa daima sauti ileile ya kinanda. Mwanafunzi alisonga vizuri mpaka wimbo ulipohamia ufunguo mwingine, na hapo akachanganyikiwa. Kwa Glover na Curwen, do ni nyumbani. Mwalimu akiandika juu ya karatasi kwamba do ni G, au do ni F, anachosema ni mahali nyumba ilipojengwa leo. Umbali kutoka do kwenda mi au so haubadiliki. Akina mama wakishindwa kufika juu, mwalimu hushusha do, na hakuna herufi hata moja inayofutwa.

Jambo la pili ni mapigo. Curwen alitumia alama zilizokuwa tayari katika kila kiwanda cha uchapaji: mstari wima kugawa vipimo, nukta mbili kutenganisha pigo na pigo, nukta moja kugawa pigo nusu, na kistari kurefusha sauti. Hakuhitaji mitambo ya pekee ya kuchapia nota. Kwa hiyo karatasi ya solfa ilikuwa ya bei ndogo, na mfanyakazi wa kiwandani aliweza kuinunua. Leo tunaona tunda lake kwa namna ambayo Curwen hakuiwaza: mwalimu wa kwaya aliye Mlandizi anaweza kuandika sauti ya besi kwa herufi za kawaida za simu na kuituma kama ujumbe kwa mwanakwaya aliye Maneromango.

Jambo la tatu ni tabia ya kila sauti. Curwen alifundisha kwamba sauti zinatofautiana kwa kimo, na vilevile kwa hisia zinazoamsha. Do ni imara na imetulia. So ni angavu. La ina huzuni. Te haina raha mpaka ipande kwenye do. Mwanafunzi alisikia kwanza tabia hiyo, akaiimba, ndipo akaoneshwa herufi. Sisi tunaosoma falsafa tumefundishwa, kwa kufuata Aristotle na Mtakatifu Thoma wa Akwino, kwamba ujuzi wa mwanadamu huanzia katika milango ya fahamu. Curwen aliifanya kanuni hiyo kuwa somo la watoto.

Ukutani alitundika chati ndefu kama ngazi, yenye majina ya sauti kutoka chini kwenda juu. Mwalimu aligusa jina kwa fimbo, darasa likaimba. Mnamo 1870 akaongeza ishara za mkono: ngumi kwa do, kiganja kilicholala kwa mi, na nyinginezo. Karne iliyofuata ishara hizo zilichukuliwa na Zoltán Kodály huko Hungaria, na zimeenea katika shule za dunia nzima.

Plaistow: kazi isiyokoma

Mwaka 1843 Curwen alitoa kitabu chake cha kwanza cha kufundishia uimbaji, na mwaka 1844 akahamia Plaistow, wakati ule kijiji mashariki ya London, kuwa mchungaji wa usharika wa huko. Kwa miaka mingi alibeba mizigo miwili: mahubiri na wagonjwa wa usharika kwa upande mmoja, na solfa kwa upande mwingine. Mwaka 1853 chama cha solfa kikaanzishwa, pamoja na gazeti lake la kutolewa mara kwa mara. Afya yake ilitetereka, akalazimika kupumzika kwa muda.

Wanamuziki wengi wasomi walimdharau. Walisema herufi ni za watoto, na kwamba anayejifunza kwa njia hiyo hatafika kwenye muziki halisi. Jibu la Curwen lilikuwa waimbaji wenyewe. Mwaka 1857 watoto wapatao 3,000 waliofundishwa solfa waliimba katika jumba kubwa la Crystal Palace, na watu wakaona kwamba watoto wa mitaa ya kawaida wanaweza kuimba kwa sauti nyingi, kwa usahihi, wakisoma.

Aliweka pia mitihani na vyeti. Kupata cheti hakukutegemea kukariri wimbo mmoja vizuri. Mtahiniwa alipewa wimbo asioujua, akauimba kwa kuusoma. Kwa njia hii cheti kilithibitisha kwamba mtu anajua kusoma, kama vile tusivyoweza kumwita mtoto msomaji kwa sababu tu amekariri ukurasa wa kwanza wa kitabu.

Katika miaka ya 1860 alianzisha kiwanda chake cha uchapaji Plaistow, na katikati ya muongo huo akaacha kazi ya uchungaji ili kujitoa kwa solfa peke yake. Mwaka 1869 chuo cha solfa kikaanzishwa, na mwaka 1879 jiwe la msingi la jengo lake likawekwa Forest Gate. Kama wakongregesheni wengi wa wakati wake alikuwa pia mtetezi wa kuacha ulevi na wa kazi ya umisionari. Kwake uimbaji haukuwa burudani iliyosimama peke yake. Mfanyakazi aliyekwenda mazoezini jioni hakuwa kilabuni, na aliyejifunza kusoma sauti aliweza kumsifu Mungu nyumbani kwake bila kumtegemea mtu.

Mwaka 1880 ulikuwa mwaka wa msiba kwake. Mke wake alifariki mwanzoni mwa mwaka, naye mwenyewe akafariki tarehe 26 Mei, akiwa na umri wa miaka 63. Kazi ikaendelezwa na mwanawe, John Spencer Curwen.

Herufi zinavuka bahari

Wamisionari wa Kiingereza waligundua mapema kwamba vitabu vya solfa ni vyepesi kubeba na vya bei ndogo kuchapa. Katika miaka ya 1850 solfa ilikuwa tayari inafundishwa Afrika Kusini, na muda si mrefu ikafika Madagaska.

Tunda moja la safari hiyo linatuhusu Watanzania wote. Mwaka 1897, miaka 17 baada ya Curwen kufariki, mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg, aliyekuwa pia mwalimu wa kwaya, alitunga wimbo kwa ajili ya wanafunzi wake. Jina lake ni Enoch Sontonga. Nyimbo zake aliziandika kwa mkono, kwa herufi za solfa. Wimbo ule ni Nkosi Sikelel' iAfrika, na sauti yake ndiyo tunayoisimamia kwa heshima tunapoimba Mungu Ibariki Afrika. Kwa hiyo kila mtoto wa shule ya msingi Kibaha anayesimama mstarini asubuhi anaimba wimbo ulioandikwa kwa mara ya kwanza kwa d, r, m.

Kibaha na Kisarawe leo

Sasa turudi nyumbani. Kibaha iko kwenye barabara ya Morogoro, mji unaokua, wenye waamini waliohamia kutoka mikoa mingi. Kila mmoja amekuja na nyimbo za alikotoka. Kisarawe ina vilima, misitu na vijiji vilivyotawanyika, na baadhi ya vigango viko mbali kiasi kwamba katekista huongoza ibada ya Neno Dominika nyingi kuliko padre anavyoweza kufika kuadhimisha Misa. Mahali pasipo padre, wimbo hubeba sehemu kubwa ya sala ya watu. Wimbo ukiwa dhaifu, ibada nzima hulegea.

Tunajivunia kwaya zetu, na tuna haki. Lakini tujiulize swali la Hull mwaka 1841: kusanyiko linaimba? Mara ngapi kwaya imeimba wimbo wa mwanzo mpya, wa komunyo mpya na wa shukrani mpya, huku waamini wakikaa kama watu waliokuja kusikiliza? Mara ngapi wanakwaya wenyewe wamefundishwa kwa kusikia tu, mwalimu akiimba nao wakirudia, karatasi ya solfa ikiwa mkononi mwake peke yake? Mwalimu wa namna hiyo akihama, au akiugua, au akikosana na uongozi, kwaya hunyamaza. Herufi zilizobuniwa ili kila mtu asome zimegeuka kuwa siri ya mtu mmoja.

Kanisa limelisema jambo hili mara nyingi. Papa Pius X alilikazia mwaka 1903, siku ya Mtakatifu Sesilia, alipotaka waamini washiriki tena wimbo wa Kanisa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Konstitusio ya Liturujia ya mwaka 1963, uliagiza kwaya zikuzwe, na papo hapo ukawataka wachungaji wahakikishe kusanyiko lote la waamini linashiriki kwa sehemu yake. Ukaagiza pia muziki ufundishwe kwa uzito katika seminari, na muziki wa asili wa mataifa ya misheni upewe nafasi inayostahili.

Hilo la mwisho linatuonya tusiifanye solfa kuwa sanamu. Ni chombo kilichotoka Uingereza, kikabeba na sauti za huko. Kuna nyimbo za kigeni zilizovalishwa maneno ya Kiswahili ambazo pigo zito huangukia silabi isiyostahili, mpaka neno mwokozi likakazwa mwanzoni wakati kila Mswahili hulikaza katikati. Mapigo ya ngoma za Wazaramo na Wakwere hayaingii kwa urahisi katika nukta mbili za Curwen. Padre Stephen Mbunga, Mtanzania mwenzetu, alichapisha mwaka 1963 kitabu juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu, akionesha kwamba muziki wetu una nafasi halali mbele ya altare. Uganda nako, Joseph Kyagambiddwa alitunga utenzi mkubwa wa kwaya kuhusu Mashahidi wa Uganda kwa kufuata muziki wa Kiganda. Tusome solfa vizuri, kisha tuitumie kuandika yaliyo yetu.

Hitimisho: tunachojifunza

Kwa maisha ya John Curwen, tunapendekeza mambo manne, madogo na yanayowezekana.

La kwanza, dakika kumi kabla ya Misa, mwalimu wa kwaya asimame mbele ya waamini awafundishe kiitikio cha zaburi na cha wimbo mmoja. Kiitikio ni mali ya watu wote.

La pili, watoto wa Utoto Mtakatifu wafundishwe ngazi ya solfa kwa ishara za mkono. Hakuna gharama. Mtoto wa miaka minane anayejua do mpaka do leo atakuwa mwalimu wa kigango baada ya miaka kumi na miwili.

La tatu, jina la mtunzi liandikwe juu ya kila karatasi tunayonakili. Tumeona jinsi jina la Bi Glover lilivyofunikwa. Kuna watunzi wengi wa Tanzania ambao nyimbo zao tunaziimba kila wiki katika nakala zisizo na majina yao. Haki huanzia hapo.

La nne linatuhusu sisi waseminari. Siku moja tutapangiwa parokia, na huenda ikawa Mzenga au Visiga, na katekista atatuuliza wimbo unaanza wapi. Tusiseme kwamba muziki ni wa watu wengine. Curwen alikuwa na sababu nzuri kuliko zetu ya kusema hivyo, na hakusema. Kwa kuwa yeye mwenyewe alishindwa, alitafuta njia ambayo hata aliyeshindwa angeweza kuipita, kisha akatumia maisha yake yote kuwapitisha wengine hapo.

Jumamosi hii, tukipita karibu na kanisa tukasikia besi wakirudia mstari wao kwa mara ya nne, tuingie tuketi nao. Karatasi iko mezani, nasi tunaweza kujifunza kuisoma.

Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa wanamuziki, utuombee.